Fungu la Mshika Fimbo

Mchezo mmoja wa pool katika baa ya mpakani hubeba pesa za aina tatu. Ya kwanza ni sarafu inayomezwa na meza: hiyo ni ya mwenye meza, na kwa kawaida huilipa aliyeshindwa. Ya pili ni dau la wachezaji wenyewe, au zawadi, kama siku hiyo kuna mashindano. Ya tatu haigusi meza kabisa. Ni pesa za waliosimama ukutani na waliokalia viti virefu vya kaunta, wanaobeti huyu dhidi ya yule kwa ishara ya vidole, kwa kunong'onezana, na siku hizi kwa ujumbe wa simu. Mara nyingi hizo za tatu ndizo nyingi kuliko zote. Mchezaji hakutia humo hata senti moja, lakini ni mkono wake uliozizaa.

Busia na Tororo, ambako Kenya na Uganda zinapakana, swali la nani ampe mchezaji nini, lini na mbele ya nani lina majibu ambayo hayajaandikwa popote. Aliyeshinda dau humkumbuka mchezaji. Asiyemkumbuka hashitakiwi, ila jina lake huharibika. Desturi hiyo inaonekana ndogo, lakini mizizi yake inapita kwenye chungu cha pombe ya ulezi, kwenye baiskeli za mpakani, katika klabu za wakoloni na hata katika sheria ya Kiingereza ya mwaka 1845. Inafaa isimuliwe sasa, kwa sababu simu ya mkononi inaibadilisha haraka.

Tazama jinsi mchezo unavyokwisha. Mezani umebaki mpira mweusi na ule mweupe. Mchezaji anapaka chaki ncha ya fimbo, anainama mpaka kidevu kinakaribia kuigusa, na baa nzima inanyamaza isipokuwa spika. Mpira mweusi unaingia mfuko wa kona, unasikika ukibingirika ndani ya tumbo la meza, kisha unagonga mbao na kutulia. Hapo mikono mingine ndipo inapoanza kazi. Mshika pesa, mtu aliyeaminiwa na pande zote mbili, anahesabu noti na kumkabidhi aliyeshinda dau. Huyu anazipokea zote, anatenga kidogo, anakwenda hadi alipo mchezaji na kumpa mkono wa kulia, noti ikiwa ndani ya kiganja. "Asante, bingwa," anasema kwa sauti inayosikika. "Shukrani, mkubwa," anajibu mchezaji, naye haihesabu. Anaitia mfukoni na kuokota chaki kwa ajili ya mchezo unaofuata.

Kila tendo hapo lina sababu. Mshika pesa hakati fungu la mchezaji yeye mwenyewe, kwa kuwa akifanya hivyo asante inageuka ushuru. Noti inatolewa mbele za watu ili kila aliyepoteza aone kwamba mchezaji amepewa na upande ulioshinda, tena baada ya mchezo, wala si kabla. Na mchezaji haihesabu kwa sababu kuhesabu ni kudai, na mwenye kudai hadharani huonekana ana bei.

Mpaka wenyewe ni mgeni kuliko watu wake. Hadi mwaka 1902 eneo ambalo leo ni magharibi ya Kenya lilikuwa Jimbo la Mashariki la Himaya ya Uganda. Mwaka huo Waingereza wakalihamishia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, na mwaka 1926 mipaka ya Kenya ikaandikwa rasmi kwa amri ya London. Wasamia na Wateso wakajikuta wana ndugu ng'ambo ya mstari ambao hawakuuchora. Reli iliyotoka Nakuru kupitia Eldoret ilivuka Malaba na kupita Tororo katika miaka ya 1920, ikafika Kampala mwaka 1931. Tororo ikawa njia panda ya reli, kwa kuwa hapo ndipo ilipochepuka ile ya kwenda Mbale na Soroti. Miaka ya 1950 kiwanda cha saruji kikaleta wafanyakazi wenye mshahara wa kila mwezi. Busia ya upande wa Uganda ilibaki ndani ya Wilaya ya Tororo mpaka mwaka 1997 ilipopewa wilaya yake. Kwa hiyo mtu wa Busia anapokwenda Tororo kucheza, au wa Tororo anaposhuka Busia, si mgeni. Ni jirani aliyekuja na fimbo yake.

Kabla ya meza kulikuwa na chungu. Kwa Wateso wa pande zote mbili, ajon, yaani pombe ya ulezi, hunywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja kilichowekwa katikati, maji ya moto yakiongezwa kila inapopungua. Ivan Karp, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyewatafiti Wateso wa upande wa Kenya na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1978, aliandika mwaka 1980 makala nzima kuhusu adabu za unywaji huo. Mrija hushikwa kwa mkono wa kulia. Kupuliza mapovu ndani ya chungu ni utovu wa adabu. Mahali pa kukaa hufuata undugu, na mkwe hajikalishi popote apendapo. Mtu anayekunywa peke yake hutiliwa shaka. Na waliokuja kumlimia jirani shamba hawakurudishwa nyumbani na jembe kavu: walikaribishwa chunguni, na kuwanyima ilikuwa aibu ambayo kijiji kingeikumbuka kwa miaka.

Si lazima kudai kwamba desturi moja iliizaa nyingine. Lakini watu waliolelewa kando ya chungu hicho walijua tangu utotoni kwamba kilichopatikana kwa mkono wa mtu hakiliwi huku mwenyewe akitazama. Majirani zao nao walikuwa na elimu yao. Kwa Wajaluo wa kando ya ziwa kuna pakruok: katikati ya wimbo mtu hutoa pesa, humsimamisha mwanamuziki, hujisifu au humsifu rafiki yake, kisha muziki huendelea. Pwani, kwenye taarabu, shabiki huinuka na kwenda kumtunza mwimbaji jukwaani, hatua kwa hatua, akionekana na ukumbi mzima. Kote huko fedha inayokwenda kwa mtendaji haifichwi. Kutoa ni sehemu ya tamasha lenyewe, na mtoaji naye hupata heshima yake papo hapo. Huenda hapo ndipo asante ya mezani ilipoazima umbo lake, maana haifanani sana na malipo ya kazi. Inafanana na tuzo.

Mchezo wenyewe ulikuja kwa njia nyingine kabisa. Biliadi ilifika Afrika Mashariki pamoja na maofisa wa Kiingereza, ambao wengi wao walikuwa na desturi za kambi za India; snuka, ndugu yake pool, ilibuniwa Jabalpur mwaka 1875 na ofisa aliyeitwa Neville Chamberlain, ambaye si yule waziri mkuu aliyekuja baadaye. Nairobi Club ilianzishwa mwaka 1901, Muthaiga ikafunguliwa mwaka 1913, na kila mji wa utawala ukawa na klabu yake, ndogo au kubwa. Mwafrika aliingia humo kama mhudumu. Madau yaliandikwa kwenye daftari la klabu, na heshima ya muungwana ilikuwa kulipa deni la kamari kabla ya deni la fundi cherehani.

Kutoka India hiyo hiyo ilitoka desturi ambayo ingefaa kujulikana zaidi Busia. Katika karne ya 19 wapenda mbio za farasi wa Kalkuta walikuwa wakiuza farasi kwa mnada kabla ya mashindano: anayenunua hamiliki mnyama bali nafasi yake, pesa zote hutiwa kapuni, na aliyemnunua mshindi hubeba sehemu kubwa ya kapu. Desturi hiyo ilisafiri hadi Marekani ikaingia kwenye gofu na pool, na huko bado inaitwa Calcutta. Mchezaji ananadiwa mbele ya ukumbi, naye ana haki ya kununua nusu yake mwenyewe kutoka kwa aliyempata. Haki hiyo ya nusu ni kitu kikubwa. Inamtoa mchezaji kwenye foleni ya wanaosubiri huruma na kumweka kati ya wenye mali.

Marekani ilikuwa na muda mrefu wa kulifikiria jambo hili. Kati ya mwaka 1961 na 1972, mji mdogo wa Johnston City katika jimbo la Illinois ulikuwa ukikusanya wacheza pool wa kamari kutoka nchi nzima, chini ya ndugu wawili wa ukoo wa Jansco. Mechi rasmi zilikuwa na zawadi za kawaida. Pesa nzito zilihama mikono usiku, baada ya watazamaji wa kulipia kuondoka. Mwaka 1972 maofisa wa serikali kuu walivamia na mashindano yakafa. Katika ulimwengu huo mgao ulikuwa wa namna mbili. Mfadhili aliyeweka dau lote la mchezaji alichukua nusu ya ushindi na kubeba hasara yote. Mtazamaji aliyebeti pembeni hakuwa na mkataba wowote na mchezaji, lakini alitarajiwa kumpa kidogo, na asiyetoa alijulikana. Filamu ya The Hustler, iliyotoka mwaka huo huo wa 1961, ilimwonyesha mfadhili anayedai asilimia 75 na kumwachia kijana mshika fimbo 25. Watazamaji walielewa mara moja kwamba huo ni unyonyaji, kwa sababu nusu kwa nusu ndiyo iliyokuwa haki inayojulikana.

Mpakani, imani ya namna hiyo ilijengwa na biashara kabla pool haijafika. Ilikuwa Busia, miaka ya 1960, ambako vijana wenye baiskeli walianza kubeba abiria na mizigo kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, wakiita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka hadi likawa boda boda, jina ambalo leo dunia inalijua. Kisha ikaja miaka ya magendo. Baridi kali ya Julai 1975 iliharibu mibuni ya Brazili, bei ya kahawa duniani ikapaa, na kahawa ya Uganda ya Idi Amin, iliyokuwa ikilipwa bei ya chini na serikali, ikamiminika Kenya. Chepkube, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ikawa soko lisilosahaulika la mwaka 1976 na 1977. Katika biashara hiyo hapakuwa na hati wala risiti. Mwenye mali alimkabidhi mbebaji gunia gizani, na mbebaji akategemea kukumbukwa mzigo ukifika. Aliyewasahau wabebaji wake alikosa mtu wa kumbebea mzigo wa pili. Hiyo ndiyo shule ya uchumi iliyowafundisha wazee wa mpakani, na watoto wao ndio walioikuta meza ya pool.

Meza hizo zilienea katika baa za Afrika Mashariki miaka ya 1990, biashara ya fedha za kigeni na uagizaji wa bidhaa ilipolegezwa Uganda na Kenya. Ni meza fupi, nzito, yenye droo ya sarafu. Haihitaji klabu wala uanachama; mtu anapanga sarafu yake ukingoni kushika zamu, mshindi anabaki mezani, mshindwa anaondoka. Biliadi iliyokuwa ya wakubwa ikawa ya makondakta, wasaidizi wa magari makubwa yanayolala Malaba yakisubiri ushuru, wabadilishaji fedha na wanafunzi waliotoroka.

Wakubwa hawakufurahi. Katika wilaya nyingi za Uganda viongozi wamepiga marufuku pool na karata saa za kazi, na polisi waliwakamata vijana kwa makosa ya uzururaji yaliyorithiwa kutoka sheria ya kikoloni, hadi Mahakama ya Katiba ya Uganda ilipovifuta vifungu vya aina hiyo mwaka 2022. Hofu ya kukamatwa ilikuwa na athari moja ambayo haisemwi sana: iliwafundisha watazamaji kubeti bila pesa kuonekana. Vidole vikachukua nafasi ya noti. Na pesa isipoonekana, fungu la mchezaji huwa rahisi kusahaulika.

Sheria haikuwahi kumsaidia mchezaji. Sheria ya Kamari ya Uingereza ya 1845 ilitamka kwamba makubaliano ya dau ni batili na hayawezi kudaiwa mahakamani. Waingereza wenyewe waliachana na kanuni hiyo mwaka 2007 tu. Fikra hiyo ndiyo iliyozilea mahakama za makoloni. Sheria za Kenya kuhusu kamari na bahati nasibu, tangu ile ya mwaka 1966, na ya Uganda ya mwaka 2016 iliyounda bodi ya taifa ya kusimamia michezo hiyo, zinashughulika na leseni, kodi na makampuni. Zinatofautiana hata katika umri: Kenya mtu anaruhusiwa kubeti akiwa na miaka 18, Uganda mpaka afike 25. Kwa hiyo kijana wa miaka 20 anaweza kubeti kihalali akiwa Busia ya mashariki, akivuka kituo cha forodha akawa mvunja sheria. Lakini hakuna kifungu, upande wowote, kinachomjua mtu aliyeshika fimbo na kumshindia mwingine pesa. Mwenye kumlinda ni desturi peke yake.

Na desturi hiyo ina mambo yake ya ndani yanayobishaniwa usiku kucha. Kiasi, kwanza. Soda ni salamu, haihesabiwi kuwa fungu. Bia nayo hivyo hivyo, na kwa mchezaji aliye katikati ya mashindano bia ni kumharibia mkono. Mwenye adabu huuliza kwanza. Kwa noti, watu hupima kwa dau: aliyeshinda kidogo hutoa kidogo bila aibu, aliyebeba mzigo hatarajiwi kutoa ya kununulia mandazi. Waendesha farasi wa mashindano Marekani hupata takriban asilimia 10 ya zawadi ya mshindi, na moja ya kumi ni kipimo kinachoingia akilini upesi katika nchi ambazo kanisa limefundisha zaka kwa miaka zaidi ya mia moja. Pili, sarafu. Dau likiwekwa kwa shilingi ya Kenya na asante ikatolewa kwa shilingi ya Uganda, mchezaji huenda akabaki na tabasamu tu: shilingi moja ya Kenya hununua takriban 28 za Uganda, na noti ya 1,000 yenye sura moja ni chakula cha siku, yenye sura nyingine ni chapati. Adabu ni kutoa kwa fedha ile ile iliyoshindwa.

Kisha kuna suala la aliyepoteza. Huyo hadaiwi kitu, wala haruhusiwi kumlaumu mchezaji aliyemwekea dau. Anayemfuata mchezaji hadi mlangoni akimwuliza kwa nini alikosa mpira mwepesi amevunja mwiko mkubwa kuliko yule asiyetoa asante. Katika hili watu wa mpakani wana msimamo mzuri, na ungefaa kuigwa na mashabiki wa kandanda.

Mchezaji mwanamke anahitaji busara zaidi. Uganda imetoa wanawake wanaojulikana katika pool barani, Rukia Nayiga akiwa mmojawapo, na mpakani wapo wanaowashinda wanaume mbele ya wake na waume za watu. Noti inayotiwa kiganjani mwa mwanaume husomwa kuwa asante. Ile ile ikitiwa kiganjani mwa mwanamke, saa tano ya usiku, husomwa vingine na wasio na haya. Njia ya heshima ni kuipitisha kwa nahodha wa timu yake au kuiweka ukingoni mwa meza, mbele ya wote, ikiambatana na jina la mchezo uliochezwa. Heshima ya namna hiyo haiongezi gharama yoyote.

Na kwa Mwislamu, kamari ni haramu, na pesa iliyotoka humo haitakasiki kwa kugawanywa. Mchezaji anayeikataa noti kwa sababu hiyo asilazimishwe, wala asichekwe.

Lawama nzito zaidi kwa desturi hii ni kwamba inafungua mlango wa rushwa. Anayeweza kupewa na watazamaji akishinda anaweza pia kupewa ashindwe. Hofu hiyo si ya kufikirika: mwaka 2023 wacheza snuka 10 wa China waliadhibiwa kwa kupanga matokeo, na wawili kati yao, Liang Wenbo na Li Hang, walifungiwa maisha. Wanaume waliokuwa na majina, makocha na mikataba waliuza mechi. Kijana wa Tororo asiye na mshahara atapona vipi?

Jibu limo ndani ya desturi yenyewe, ikifuatwa sawasawa. Asante hutolewa baada ya mchezo, hadharani, na upande ulioshinda peke yake. Mtu anayempa mchezaji pesa kabla ya mpira wa kwanza kuvunjwa, au anayemwita chooni, hata kama nia yake ni njema, amekiuka. Mchezaji anayejua kwamba akishinda atapata sehemu ya pesa zote za pembeni ana sababu ya kushinda. Yule anayejua kwamba wengine watabeba maelfu naye ataondoka na chupa ya soda ndiye anayeweza kununuliwa kwa bei rahisi. Mkono mtupu haulambwi, na mkono uliofanya kazi ukabaki mtupu ndio unaotafutwa na wapanga matokeo.

Mashindano rasmi yameleta heshima ambayo baa peke yake haikuweza. Nchini Uganda chama cha pool kimeendesha ligi na mashindano ya taifa kwa miaka mingi kwa ufadhili wa Nile Special, bia ya kampuni iliyoanzia Jinja, na Tanzania nayo ilijenga mashindano yake kwa msaada wa Safari Lager. Timu ina jezi, nahodha, refa na ratiba. Zawadi inatangazwa mapema, na kila mtu anajua ni ya nani. Lakini kanuni za mashindano husema habari za mpira mweusi, faulo na saa ya kufika ukumbini; kuhusu pesa za ukutani hunyamaza, kana kwamba hazipo. Refa anaziona. Nahodha anaziona. Mara nyingine ndizo zilizoijaza baa.

Ugonjwa wa korona ulionyesha jinsi riziki hiyo ilivyo nyembamba. Machi 2020 nchi zote mbili zilifunga baa, na mpaka ukafungwa kwa wasafiri, malori ya mizigo yakibaki. Kenya ilifungua baa mwishoni mwa Septemba mwaka huo. Uganda haikufungua mpaka Januari 2022. Kwa zaidi ya mwaka mmoja, mji wenye watu wale wale ulikuwa na meza zinazochezwa upande mmoja na meza zilizofunikwa turubai upande wa pili. Waliokuwa wakiishi kwa fimbo upande wa Uganda walibaki na kuvuka kwa njia za panya au kutafuta jembe.

Katika miaka hiyo hiyo simu ilimaliza kazi iliyoianza zamani. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na huduma ya MTN ikaanza Uganda miaka miwili baadaye. Siku hizi mchezo wa Busia unaweza kurushwa moja kwa moja kwa simu, mtu wa Nairobi akabeti na mtu wa Kampala, pesa zikahama kabla mpira mweusi haujatulia. Mshika pesa aliyeaminiwa na pande zote hahitajiki tena. Na mchezaji? Hajui nani ameshinda kwa mkono wake, wala huyo aliyeshinda hajawahi kumwona uso. Aibu, ambayo ndiyo iliyokuwa polisi wa desturi hii, haifiki Kampala. Wapo wanaotuma asante kwa namba ya mchezaji, na wanastahili sifa. Lakini asante inayotumwa kimya kimya haina mashahidi, na asiyetuma hafahamiki.

Chama chochote kinachoandaa mashindano ya pool Busia, Malaba au Tororo kingeweza kulitengeneza jambo hili kwa ukurasa mmoja. Kapu la watazamaji litangazwe wazi pale sheria inaporuhusu, moja ya kumi yake itengwe kwa mshindi kabla ya wengine kugawana, mchezaji akatazwe kupokea chochote kabla ya mchezo kuanza, na anayevunja hilo, mtoaji na mpokeaji, aondolewe ukumbini. Mahali ambapo kapu haliruhusiwi, mfadhili aambiwe aongeze zawadi, kwa sababu ukumbi unaouza bia usiku kucha umejazwa na wachezaji. Waandaaji wa msimu ujao waliandike hilo kabla ya kuchapisha ratiba, na wachezaji wasisaini fomu za kushiriki mpaka walione.